Uso wa Marehemu Usiazimwe

Wenzangu, sinema ya Alien: Romulus, iliyoongozwa na Fede Álvarez mwaka 2024, yatisha kweli, nayo imetengenezwa kwa ustadi. Lakini jambo moja si jema. Ian Holm, Mwingereza aliyecheza mtu wa mashine katika Alien ya 1979, alifariki mwaka 2020. Hata hivyo uso wake umerudishwa humo kwa sanamu na kompyuta. Watetezi husema jamaa zake waliridhia. Naam, lakini mchezaji huchagua mwenyewe mchezo wake, na hiari hiyo hairithiwi. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Lakini sanda humsitiri, sinema humwanika. Daniel Betts, aliye hai, ndiye aliyeigiza sauti na sura ile. Mbona asionyeshwe yeye?