Funguo za Nyumba ya Mbeleji

Mtu akiulizia makumbusho mjini Uvira ataambiwa hakuna, wala hatakuwa amedanganywa. Nyumba za Wabeleji, hizo zipo: kuta nene, baraza pana, bati lililoshika kutu, mwembe uani. Nyingine zimegeuka ofisi, nyingine shule, nyingine zinakaliwa na familia tatu au nne, na kila familia ina maelezo yake juu ya nani aliyempa nani hati. Toleo hili limezungukia nyumba hizo. Baadhi ya waandishi wetu wangependa zibomolewe. Wengine wangependa zipakwe rangi, ziwekewe kibao, na watalii walipe kiingilio. Mimi nazipinga pande zote mbili, na kwa kuwa mhariri hupewa kurasa za mwanzo bila kugombana na mtu, nitasema kwa nini.

Majirani wameshajaribu kabla yetu. Kigali kuna nyumba ya Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyefanywa Residenti, yaani mwakilishi wa serikali ya Ujerumani, nchini Rwanda mwaka 1907. Mwaka 2004 ilifunguliwa kuwa makumbusho ya viumbe na mazingira, na mwaka 2017 ikapangwa upya: Rwanda kabla ya Wajerumani, Rwanda chini yao, kisha historia ya mji wa Kigali wenyewe. Kuna na nyoka hai, na sina shaka watoto wa shule wanawakumbuka nyoka kuliko daktari. Hilo halinisumbui. La maana ni kwamba mwenye nyumba hakuachiwa vyumba vyote. Nairobi mambo ni tofauti. Nyumba aliyokaa mwandishi wa Kidenmaki Karen Blixen hadi 1931 ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Kimarekani iliyomwongezea umaarufu duniani, na mgeni anatembezwa katikati ya samani za bibi shamba. Wakikuyu waliopalilia kahawa yake wanabaki pembeni ya simulizi. Nyumba ya namna hiyo, hata ikitunzwa vizuri namna gani, inaendelea kumtumikia aliyeimiliki.

Sasa tuje kwetu. Aprili 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa na swali moja lililowanyima usingizi: je, mto Rusizi unatoka Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, au unaingia? Kama unatoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Wana wa Maruta, mtawala wa hapa kwa maelezo ya Burton, wakawajibu kwamba unaingia. Hata hivyo ubishi uliendelea huko Ulaya hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga kasia hadi mdomoni mwa mto na kuona kwa macho yao kile ambacho kila mvuvi wa Kavimvira alikuwa anakijua. Leo kule Mugere, kusini ya Bujumbura, kuna jiwe lenye majina ya wageni hao wawili na tarehe ya ziara yao. Wana wa Maruta hawana jiwe popote. Kama siku moja Uvira itakuwa na ukuta wa kwanza wa makumbusho, hadithi hiyo ndiyo ningeianza nayo.

Ukuta wa pili ungekuwa mgumu zaidi, kwa sababu kwenye ufuo huu mkoloni na mwenyeji wameingiliana hadi ndani ya damu. Padre Albert Joubert alikuwa mtoto wa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyeweka ngome kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa na kupigana na wafanyabiashara wa watumwa, na mama yake alikuwa Mwafrika. Aliuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya waasi wa Simba, siku moja na wamisionari watatu Wasaveri. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa wenye heri hapa hapa Uvira. Umati uliojaa siku ile haukuuliza Joubert aandikwe kwenye chumba cha Wazungu au cha Waafrika. Makumbusho itakayompangia chumba kimoja itakuwa imeshindwa kazi.

Kuna na mambo yanayofutika tukiyaangalia. Vijana wengi wa Kalundu hawajui kwamba garimoshi lilikuwa likitoka bandarini kwao kupitia bonde la Rusizi hadi Kamanyola. Reli ile ilifungwa mwaka 1958. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama kwa vita vya 1996, na waliokuwa na kadi zake za kazi wanazidi kupungua.

Ndiyo maana sitaki jengo jipya, wala sitaki nyumba ya msimamizi wa wilaya ipakwe chokaa. Uvira ina urithi wa kikoloni ambao bado unafanya kazi: kituo cha utafiti wa ziwa, kinachojulikana kama CRH. Wabeleji walituma wataalamu wao kulichunguza Tanganyika mwaka 1946 na 1947; mwaka huo wa pili waliunda taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, makao yake makuu yakiwa Lwiro, na Uvira ikawa stesheni yake ya mambo ya maji. Samaki wetu walisafirishwa hadi Tervuren, Ubelgiji, wakapewa majina ya Kilatini. Kazi ikabaki, ikarithiwa na Wakongomani, na imeendelea katikati ya vita ambavyo vingefunga taasisi yoyote yenye mishahara ya uhakika, sembuse isiyo nayo.

Wanaosema haiwezekani kituo kama hicho kuwafungulia wananchi mlango waende Lwiro. Jumba lile la matofali lilijengwa kwa ajili ya wanasayansi wa Kizungu, lenye bustani na maktaba ya kifahari. Tangu 2002 pana kituo cha kulea sokwe walionyang'anywa wawindaji, na kituo hicho kinapokea wanafunzi na kununua mazao kwa wakulima wa jirani. Mkulima wa Kabare anayefikisha ndizi pale ana shughuli na jumba lile, na hahitaji kumsujudia aliyelijenga.

Uvira tuna jambo zito kuliko sokwe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kisha ziwa lenyewe likapanda, maji yakaingia Kavimvira na bandari ya Kalundu, na kila mtu akawa na nabii wake wa kumweleza sababu. Ziwa hili limewahi kupanda kabla. Katika karne ya 19 mdomo wa Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, uliziba kwa tope na matete, ziwa likapanda; ulipofunguka karibu na 1878 ziwa likashuka mita kadhaa. Mwaka 1964 lilipanda tena sana, watu wakiwa kwenye mbio za vita. Mama anayetaka kujenga upya karibu na maji ana haki ya kuonyeshwa mistari ya viwango hivyo vya maji kwenye ukuta wa kituo, kwa rangi, na mtu wa kumjibu kwa Kiswahili. Kituo kikifungua mlango Jumamosi moja kwa mwezi, ingetosha kuanzia. Wavuvi wa ndagala na mukeke nao waje waseme walichoona, na kiandikwe, kwa sababu mtafiti anahitaji kumbukumbu yao kama wao wanavyohitaji vipimo vyake.

Najua nitaambiwa kwamba mji unaolala na milio ya risasi hauna nafasi ya makumbusho. Lakini ni katika vita ndipo hati zinachomwa na picha zinatupwa barabarani. Kungoja amani kwanza ni kukubali kwamba itakapofika hatutakuwa na cha kuonyesha.

Kwa wenye mamlaka ya kituo, ombi letu ni mlango, siku moja kwa mwezi. Kwa wasomaji: mwenye picha ya garimoshi la Kalundu, kadi ya kazi ya Kiliba, au mzee anayekumbuka maji ya 1964 yalifika wapi, tunaomba atufikie. Picha tutainakili na kuirudisha siku hiyo hiyo. Mzee tutamfuata nyumbani kwake.