Musienene: Mwenye sinema ana haki kuliko mwenye kuuza kazi

MUSIENENE, wilaya ya Lubero. – Kila jioni, kwenye balabala kubwa ya Butembo–Lubero, nyumba za sinema zinawasha mashine. Kijana analipa mlangoni, anaketi kwenye ubao, anaangalia filamu ya ngumi iliyotafsiriwa Kiswahili au mpira wa Uingereza, kisha anarudi nyumbani. Alilipa ili aone filamu, na filamu ameiona. Deni limeisha.

Hatua chache kutoka hapo kuna kibanda cha fundi wa simu. Ni kijana aliyesoma informatike Butembo na kupata diploma yake. Alipeleka barua za kuomba kazi mpaka akachoka kununua bahasha. Leo anatengeneza simu zilizovunjika kioo na kutia moto betri za watu kwa umeme wa jua, franga 500 kwa simu moja. Hakutaka jina lake litajwe, lakini maneno yake yanafaa kusikiwa na kila familia, zaidi zile zilizokimbia vita.

«Wazee banasema sinema na muziki ndiyo bilaharibu bavijana,» anasema. «Lakini mwenye sinema hanakuuziaka tiketi halafu anafunga mlango. Ule mwenye kuuza kazi, yeye anakamata franga yako, na filamu haianze hata siku moja.»

Hapo ndipo penye kidonda. Siku ya Mungu kanisani, siku ya soko, hata kwenye matanga, sauti ni moja: vijana wa leo ni wavivu, wanacheza TikTok usiku kucha, wanapenda wanamuziki kuliko jembe. Wanaosema hivyo wanamwacha mwizi apite huku wanampiga mpiga ngoma.

Tangazo linalozunguka

Wahami waliofika Musienene walitoka pande mbili. Wamoja walikimbia vita ya M23 upande wa kusini, zaidi tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024. Wengine walikimbia mauaji ya ADF upande wa Bapere. Waliacha mashamba, mbuzi na nyumba. Kitu ambacho wengi waliweza kubeba ni simu. Kwa hiyo kibanda cha fundi kimekuwa kama ofisi yao: wanaleta simu itiwe moto, na wanamwomba awasomee ujumbe ulioingia.

«Mama mumoja alikuya,» fundi anakumbuka. «Akasema: Mutoto yangu, nisomee hii, banasema iko kazi ya kugawa chakula, yangu binti iko na D6. Nikasoma. Nikamwambia: Mama, hii ni bongo. Akaanza kulia. Alikuwa amesha kutuma dola kumi na tano. Aliuzisha unga na mafuta ya musaada.»

Dola 15. Kwa mwenye ofisi ni chakula cha mchana na rafiki zake. Kwa mama aliyelala katika darasa la shule na watoto watano, ni chakula cha majuma. Alichukua msaada aliopewa ili asife njaa, akaugeuza kuwa «pesa za dosye», akampa mtu ambaye hakumwona uso.

Fundi anasema matangazo hayo yanafanana kama mayai. Juu kuna alama ya shirika kubwa, iliyonakiliwa kutoka mtandaoni. Katikati kuna mshahara mnono na nafasi nyingi: madereva, walinzi, waelimishaji, waandikaji wa data. Chini kuna haraka: mwisho ni kesho. Barua pepe ni ya bure, ile ambayo mtu yeyote anaweza kufungua kwa dakika mbili, siyo ya shirika lenyewe. Kisha wanaomba pesa kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, wanaomba picha ya karte ya uchaguzi, na mara nyingine wanaomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Mwenye kutoa namba hiyo anajikuta WhatsApp yake imeshikwa na mwingine, na ndugu zake wote wanaombwa pesa kwa jina lake.

Umoja wa Mataifa unaandika wazi kwenye matangazo yake kwamba hauombi malipo yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1997, unasema pia kwamba ofisi za watu binafsi zinazotafutia watu kazi hazipaswi kumlipisha mtafuta kazi. Hili si jambo la kujadiliana. Kazi inayoanza kwa kulipa si kazi.

Wamejifunza kutoka kwa wanamuziki

Waongo hawa si wajinga. Wameona kwamba watu wanakimbilia penye furaha, na wameivaa furaha hiyo. Siku hizi tangazo la kazi linakuja kama wimbo: video fupi yenye muziki, msichana anayecheka, gari nyeupe yenye antena, ndege inayopaa. Kijana anaiangalia kati ya kichekesho cha Kinande na goli la jana, na moyo wake tayari umefunguka.

Mchezo huu ni wa dunia nzima. Mwezi wa 10 mwaka 2024, shirika la habari Associated Press lilieleza namna wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini na nchi zingine walivyoitwa Urusi kwa matangazo ya mitandao: kazi na masomo pamoja, tiketi ya ndege bure. Walipofika Alabuga, katika jimbo la Tatarstan, wengi walipelekwa kiwandani kuunganisha drone za vita zinazorushwa Ukraine. Katika mwezi wa 8 mwaka 2025 serikali ya Afrika Kusini ililazimika kuonya vijana wake, kwa sababu watu wenye wafuasi wengi mtandaoni walikuwa wametangaza safari hiyo kama sikukuu.

Kabla ya hapo, tangu mwaka 2022, Kenya ilianza kurudisha vijana wake kutoka Myanmar. Waliahidiwa kazi nzuri za ofisi na kompyuta Thailand. Walivushwa mpaka, wakafungiwa kwenye majengo yenye walinzi, wakalazimishwa kudanganya watu kwa simu usiku na mchana. Waliotafutwa ni wale wanaojua kompyuta, yaani vijana kama huyu fundi wa Musienene. Masomo peke yake hayamkingi mtu. Mara nyingine masomo ndiyo yanayomfanya awindwe.

«Lakini aliyetoa pesa ni mjinga»

Kuna wanaojibu hivi: aliyeibiwa alijitakia, kwa nini alitoa pesa? Jibu ni chungu, na mashirika yenyewe yanapaswa kulisikia.

Watu wanatoa pesa kwa kazi ya uongo kwa sababu wameona wengine wakitoa pesa kwa kazi ya kweli. Hapa nchini neno «madesu ya bana» linajulikana na mtoto wa shule ya msingi. Inajulikana kwamba mtu anaweza kufaulu mtihani wa kazi na jina lake lisionekane kwenye orodha, na aliyeshindwa akaitwa kwa sababu ana ndugu ndani. Inajulikana kwamba wengine wanalamba mshahara nusu, kwa maana kipande kinarudi kila mwezi kwa yule aliyewaingiza. Katika mahali kama hapo, mama anayetuma dola 15 hakupoteza akili. Amefuata desturi aliyoiona. Mwongo anakula kwa sababu mkubwa wa kweli alimpikia.

Na Beni na Butembo hawawezi kusahau wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 na kutangazwa umekwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020; watu 2.287 walikufa. Pesa ziliingia kama mvua, na kazi pia: madereva, walinzi, wasafishaji, wapima joto balabalani. Mwezi wa 9 mwaka 2020, waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walileta ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni. Wengi walisema waliombwa miili yao ili wapate kazi, au wasiipoteze. Mwaka uliofuata, tume iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mama wa Kongo anayejulikana kwa kutetea wanawake, ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika la Afya Duniani. Mkubwa wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliomba msamaha mbele ya dunia.

Musienene haikuwa mbali na hayo. Ebola iliporudi mwezi wa 2 mwaka 2021, eneo la afya la Musienene liliguswa pia. Basi mtu asiseme hapa kwamba uuzaji wa kazi ni ujanja mdogo wa vijana wa mtandao. Ni tabia yenye mizizi. Leo inadai dola, kesho inadai binti. Na binti wa mhami, asiye na mjomba wa kumtetea, ndiye wa kwanza kuombwa.

Njaa ya sasa

Hali ya leo inazidisha hatari. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na wafanyakazi wengi wa mashirika walirudishwa nyumbani. Siku hizo hizo Goma ilianguka, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Uvumi ukatembea upesi: mashirika yote yanakuja Grand Nord, kazi zitajaa. Ukweli ni kwamba wanaotafuta kazi wameongezeka na kazi zimepungua. Penye pengo kati ya uvumi na ukweli, mwongo anajenga nyumba yake.

Redio nazo zina deni. Komunike inaletwa, franga inalipwa, mtangazaji anaisoma kwa sauti nzuri kati ya nyimbo mbili. Nani aliuliza mwenye komunike ana ofisi wapi? Msikilizaji anaamini kwa sababu redio imesema. Sauti hiyo ina thamani kuliko franga za komunike, na redio inayoiuza bila kuuliza inasaidia wezi.

Kwa hiyo kuna mambo ya kufanya, na hayahitaji mfadhili.

Mashirika yabandike tangazo kwenye ukuta wa parokia, wa kituo cha afya na wa ofisi ya chifu: nafasi ngapi, mtihani lini, wapi. Kisha yabandike matokeo, majina na alama, pale pale. Orodha inayofichwa ndiyo inayonunuliwa. Namba ya kupokea malalamiko iwe ya mtu asiyeketi na yule anayeandikisha watu.

Viongozi wa Musienene na kamati za wahami wakatae mtu yeyote kuandika majina ya vijana bila barua yenye muhuri iliyohakikishwa. Anayekusanya pesa za dosye apelekwe polisi siku hiyo hiyo, hata kama ni mtoto wa nyumbani.

Redio zisisome komunike ya kazi kabla ya kupigia simu shirika lililotajwa. Simu moja inatosha.

Wanamuziki na wachekeshaji wa hapa, ambao vijana wanawasikia kuliko wanavyosikia wakubwa, wakatae kukodishwa ili kupamba tangazo wasilolijua. Wana nguvu pia ya kugeuza mchezo: kichekesho kimoja juu ya mwongo wa dosye kinaweza kuokoa familia nyingi kuliko semina mbili za hoteli.

Na familia: msitume franga. Msitume picha ya karte. Msitoe namba ya siri, hata kama anayeiomba anakuita ndugu. Ukiwa na shaka, mpelekee mtu anayejua aisome kwanza. Mama asione haya. Aibu ni ya mwizi.

Kwenye kibanda chake fundi amebandika karatasi moja ukutani, imeandikwa kwa kalamu: «Kusoma tangazo ya kazi ni bure.» Kutia moto simu ni franga 500, kubadilisha kioo kuna bei yake, lakini kusoma ni bure. Jioni watu wanapanga mstari, simu mkononi, wengine wakielekea sinema baadaye. Anasoma moja baada ya nyingine. Nyingi anazifuta. Moja moja anasema: «Hii inaonekana ya kweli, enda uulize kwa ofisi yabo, lakini usipeleke kitu.»

Yeye mwenyewe bado anatafuta kazi.