Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Meta, Wenye WhatsApp



Januari 2021 mlituletea masharti mapya ya WhatsApp mkatupa hadi tarehe 8 Februari tuyakubali. Watu walihamaki, mamilioni wakapakua Signal na Telegram, nanyi mkasogeza tarehe hadi 15 Mei. Mlieleza kwamba jumbe zetu za binafsi zimefungwa kwa namna ambayo hata nyinyi hamwezi kuzisoma, na kwamba mabadiliko yanahusu mazungumzo na wafanyabiashara. Katika hilo mlisema kweli. Lakini wengi hawakuwaamini, na walikuwa na sababu.

Mwaka 2014, mlipotangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, mliiambia Tume ya Ulaya kwamba hamtaweza kuoanisha akaunti za WhatsApp na za Facebook kwa njia ya kuaminika. Agosti 2016 mkatangaza masharti yanayoruhusu jambo hilohilo. Tume ilipochunguza, ikabaini kwamba uwezo huo ulikuwapo tangu 2014 na wafanyakazi wenu walikuwa wanaujua. Mei 2017 ikawatoza faini ya yuro milioni 110.

Aliyekuwa tayari anatumia WhatsApp mwaka 2016 alipewa siku 30 tu za kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya Facebook. Na alikataaje? Kitufe cha kukubali kilikuwa wazi mbele yake. Pa kukataa palikuwa kisanduku kidogo kilichokwisha kuwekewa alama ya kukubali, na hukukiona mpaka ulipogusa maandishi ya kusoma zaidi. Nani ana muda huo, anapofungua simu kujua mgonjwa ameamkaje?

Huku kwetu kikundi cha msiba kiko WhatsApp, cha harusi kiko WhatsApp, kikoba na wazazi wa darasa vilevile. Anayekataa masharti yenu hukosa taarifa za mchango na saa ya mazishi, na jamaa humwona amejitenga. Ridhaa inayopatikana hivyo mnaihesabu vipi kuwa ridhaa?

Wanigeria waliliuliza hilo rasmi. Julai 2024 tume yao ya ushindani na ulinzi wa walaji iliwatoza dola milioni 220, ikisema mliwanyima raia wa Nigeria uamuzi juu ya taarifa zao na kuwabagua wakilinganishwa na watumiaji wa kwingine. Mlipinga. Aprili 2025 baraza la rufaa likaiacha faini hiyo isimame. Mimi linaloniuma zaidi ni huo ubaguzi, kwa sababu unaonyesha kuwa heshima mnaweza kuitoa mkibanwa na sheria.

Juni 2025 mlitangaza kuwa matangazo yataingia kwenye sehemu ya hali, katika huduma ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Jan Koum, aliandika mwaka 2012 kueleza kwa nini haiuzi matangazo. Mnasema mazungumzo yetu hayataguswa. Basi iwekeni ahadi hiyo kwa maandishi mbele ya Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania. Wekeni pia kitufe cha kukataa, kikubwa sawa na cha kukubali, na anayekigusa abaki kwenye vikundi vyake. Mkivunja ahadi, tuwe na pa kuwashtaki hapahapa nyumbani.