Mlima si theluji, wadau

Hivi ni nani aliyetuloga tuamini kwamba mlima usio na theluji si mlima? Mwambie mhariri yeyote hapa mjini kwamba una habari ya mlima, swali la kwanza: theluji imebaki kiasi gani?

Sawa, theluji ya Kibo inakwisha. Mwaka 1912 barafu ilifunika takribani kilometa za mraba 12, mwaka 2011 hazikufika 2. Lonnie Thompson na wenzake walitabiri mwaka 2002 kwamba itatoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, mabaki bado yapo na yanazidi kusinyaa. Lakini jamani, tumeililia barafu hiyo mpaka tumesahau kuuliza: nani anainywa?

Karibu hakuna. Kule juu, mita 5,895, sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila hata kuwa maji. Maji yanayoshuka Moshi na mto Pangani hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu chini ya kilele. Mtafiti Andreas Hemp aliandika mwaka 2005 kwamba misitu ya juu iliyoliwa na moto imeupotezea Kilimanjaro maji mengi kuliko barafu inayoyeyuka. Oktoba 2020 moto ukarudi. Tukapiga picha za moshi, wiki mbili baadaye tukarudi kwenye theluji yetu.

Sasa twendeni Mazinde, Korogwe. Ukitoka Mombo kuelekea Same, mkono wa kulia kuna ukuta: Usambara. Chini ni joto, vumbi na mkonge. Juu, Mazinde Juu (ndiyo, kwenye ile shule ya wasichana mnayoisikia matokeo yakitoka), watu wanavaa masweta. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa nyuzi sita hivi.

Usambara si volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba ya kale sana iliyonyanyuliwa na kukatika. Upepo wa Bahari ya Hindi ukiipiga kwa mashariki unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Amani, kule Muheza, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukifika Mazinde upepo umeshajikamua. Yaani mlima uleule unaowanyima mvua ndio unaowaletea maji kwa mito. Mkulima wa mpunga wa bonde la Mkomazi anategemea msitu ulioko juu ya kichwa chake, Shume na Magamba. Fyeka huo, mvua ya mwezi inateremka siku moja pamoja na tope, na kiangazi mto unabaki mchanga.

Na asiniambie mtu kwamba tatizo ni Washambaa na majembe yao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga njia ya nyaya kushusha magogo ya mierezi kutoka Shume hadi kwenye reli pale Mkumbara, jirani kabisa na Mazinde. Kukata huko kulikuwa biashara yenye mtaji na hesabu, na wenye jembe hawakuigawana faida.

Eti si habari, haina picha nzuri! Usambara haifiki hata mita 2,500, haina mtalii wa kupandisha bendera kileleni. Ina maji tu.

Mwenye gazeti lolote lililowahi kuiweka Shume ukurasa wa kwanza aniletee. Hata liwe la 1998, nitalipokea.