Kitabu Mkononi: Ukisoma Stori ya Rufiji, Hesabu Watu

Safari hii safu yetu inahamia kusini mwa Dar, kule ambako mume wangu anakuita nyumbani: Kibiti na delta ya Mto Rufiji. Miezi miwili nimekuwa nikisoma vitabu vya hatari tupu, vile vya meli kujificha, simba kula watu, wapelelezi kukimbizana na watu kuponea chupuchupu. Vingi vinagusa kona hiyo ya nchi yetu au mambo yanayofanana na ya huko. Ni saa chache tu kwa basi kutoka Mbagala, lakini wageni wameiandika kuliko sisi wenyewe!

Nyumbani kwetu vitabu hivi vinasomwa na watu wawili wenye tabia tofauti kabisa. Mr wangu ni mtu wa mbio. Kitabu kisipomtoa jasho kufikia ukurasa wa 20, kinarudi kabatini. Mimi ni mtu wa maswali: huyu aliyekufa ukurasa wa 40 alikuwa nani? Alikuwa na mke? Mke kaambiwa? Yeye ananiambia nahoji sana, kitabu ni burudani. Mimi namwambia kitabu cha hatari kinachosahau kuhesabu watu kinajipunguzia utamu chenyewe. Kama wanaokufa hawana majina wala nyumba, hofu itoke wapi?

Basi mwezi huu nimevipima vitabu vyote kwa kipimo hicho kimoja. Twende pamoja.

MELI NDANI YA MIKOKO

Kwanza stori ya kweli, maana inashinda muvi nyingi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na manowari yao pwani yetu, jina lake Königsberg. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia meli ya Waingereza, Pegasus, ikiwa imetia nanga Zanzibar, ikaizamisha. Ukienda kuogelea kisiwa cha Chapwani, yale makaburi unayoyaona huko wamo mabaharia wa Pegasus.

Baada ya hapo mashine za Königsberg zikaanza kuleta matatizo, ikaingia kujificha ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Salale. Waliofika kule wanajua maana yake. Mikoko ya Rufiji imeenea zaidi ya hekta 50,000, mito imegawanyika kama mishipa ya mkono, na maji yakipwa, njia uliyoingilia asubuhi jioni huioni. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Wakalinda midomo ya mto, wakazamisha meli yao wenyewe ya makaa, Newbridge, kuziba mkondo mmoja, wakaleta ndege, na mwisho zikavutwa kutoka Malta meli mbili za kupita maji mafupi, Severn na Mersey. Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu wakashindwa. Tarehe 11 Julai wakarudi, na kapteni Max Looff akaamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake kumi ikaopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja upo mpaka leo Fort Jesus, Mombasa.

Hapo ndipo alipoingia Wilbur Smith na riwaya yake Shout at the Devil ya mwaka 1968. Meli kaibadilisha jina akaiita Blücher, akamweka jangili mmoja mlevi anayeitwa Flynn O'Flynn, kijana wa Kiingereza mshamba wa mambo, na binti wa Flynn, Rosa, ambaye kwa kweli ndiye mwenye moyo kuliko wote. Mwaka 1976 ikatoka na filamu, Lee Marvin na Roger Moore.

Maoni yangu? Kwa mbio, hana mpinzani. Mr alikimaliza kwa siku mbili, hata mpira hakuangalia! Mateso ya Rosa yanauma kweli, na kisasi chake unakielewa. Lakini Waafrika wa kitabu kile ni watumishi, wachekeshaji na kundi la watu wanaokimbia. Delta imejaa mamba na mikoko, wenyeji hawaonekani kama watu wenye maisha yao. Msomaji unalia Mzungu mmoja akifa, halafu kijiji kizima kinapita kama vumbi la barabarani.

Na jambo lenyewe linachekesha kwa uchungu, kwa sababu katika historia ya kweli kazi kubwa ilifanywa na hao hao. Vyuma vya mashine ya Königsberg vilivutwa nchi kavu kutoka delta mpaka Dar es Salaam kwenda kutengenezwa, kisha vikarudishwa, na waliovivuta walikuwa watu. Hakuna trekta, hakuna lori. Hata mwindaji Pretorius, aliyewasaidia Waingereza kuitafuta meli ile na baadaye akaandika maisha yake katika Jungle Man, asingeweza kupita kwenye mikoko ile bila wenyeji. Jina lake liko kwenye jalada. Wale waliojua njia ya mtumbwi wako wapi?

UNAKANYAGA JINA LAO KILA JUMAMOSI

Unapokwenda kununua vitenge Kariakoo, unakanyaga kumbukumbu ya watu hao. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza kwenye vita ile ile. Wenzetu wa Nairobi nao wana Kariokor. Walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na magonjwa, risasi hata haikuwagusa. Sasa linganisha na Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza aliyeuawa Behobeho, ng'ambo ya juu ya Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Yeye ana kaburi lenye jina, na pori zima la akiba liliitwa kwa jina lake, mpaka mwaka 2019 sehemu kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sina ugomvi na marehemu. Nasema tu mbeba mizigo aliyekufa wiki ile ile naye alikuwa na mtu anamsubiri.

Ndiyo maana nawaomba wapenzi wote msome Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ndugu yetu wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kitabu kilitoka 2020. Hamza anajiunga na askari wa Mjerumani akiwa kijana, anaona ukatili, anaumia vibaya, anarudi mji wa pwani akichechemea. Huko anakutana na Afiya, msichana ambaye kaka yake, Ilyas, naye alikwenda vitani na hakurudi. Mapenzi yao yanakua taratibu, kwa kuibiana macho na maneno machache, na kati yao kuna kiti kitupu cha kaka.

Mr alilalamika kwamba kitabu kinakwenda pole pole. Nikamwambia avumilie. Usiku wa tatu akaniuliza mwenyewe, "Hivi Ilyas atarudi kweli?" Nikacheka! Hakuna bunduki ukurasa ule, hakuna meli, lakini mtu mzima kakosa usingizi. Kusubiri mtu asiyeleta habari ni hatari ya aina yake, na Gurnah anaijua. Wasiopenda Kiingereza waanze na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, riwaya yake nyingine yenye safari ndefu ya msafara kwenda bara.

SIMBA NA DEBE

Kitabu cha tatu ni cha zamani, The Man-Eaters of Tsavo cha J. H. Patterson, cha mwaka 1907. Mhandisi huyu alijenga daraja la reli Tsavo, Kenya, na mwaka 1898 simba wawili wakawa wanaingia kambini usiku kuchukua wafanyakazi. Mpaka leo simba hao wako kwenye jumba la makumbusho Chicago. Usiku wa Patterson juu ya mti, akisikia kitu kikizunguka chini gizani, unasomwa huku umevuta shuka.

Lakini angalia hesabu yake. Wahindi waliouawa anawataja kwa idadi, 28. Waafrika anasema walikuwa wengi, ila hakuna aliyeandika. Yaani mtu kaliwa na simba, halafu hata kwenye hesabu hayumo!

Rufiji ilipopata simba wake, angalau watu walihesabiwa. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, watu wapatao 35 waliuawa katika vijiji vinane. Simba aliyelaumiwa watu walimpa jina la Osama. Alipopigwa risasi alikutwa ana jipu kubwa kwenye jino. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 walikuta kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 Tanzania, na kwamba mashambulizi huongezeka wakati wa mavuno. Sababu iko wazi kwa mkulima: nguruwe mwitu wanafuata mazao, simba wanafuata nguruwe, na binadamu amelala shambani kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa, akilinda mpunga wake.

Mama mkwe wangu alilinda mpunga miaka ile. Tulipokwenda kumsalimia, nilimsimulia habari za Patterson na mti wake. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo bwana alikuwa na bunduki?"

"Ndiyo mama, alikuwa nayo."

"Sisi tulikuwa na debe." Akaendelea kupepeta mchele. "Baba yenu akilala, mimi napiga debe. Mimi nikilala, anapiga yeye. Ukisikia debe limenyamaza, mwanangu, unaamka hapo hapo."

Nikamuuliza kwa nini wasingeacha shamba wakabaki kijijini. Akanitazama kama mtu wa mjini nilivyo. "Na mpunga ungelindwa na nani? Mngekula nini nyie?"

Mpenzi msomaji, nimesoma kurasa nyingi za kutisha mwaka huu. Sijakutana na kitu kinachoshinda debe lililonyamaza. Mke yuko macho, mume yuko macho, mmoja akipitiwa na usingizi mwenzake ndiye ukuta wake. Mr, ambaye alikuwa mtoto wa shule siku hizo, alikuwa hajawahi kuisikia stori ile. Njia nzima ya kurudi Dar alikaa kimya.

NA WILLY GAMBA JE?

Siwezi kufunga bila vitabu vyetu vya Kiswahili, maana ndivyo vilivyotufundisha wengi kusoma chini ya dawati. Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, mwenye mrembo Nuru ubavuni. Nilikirudia Tutarudi na Roho Zetu? na bado kinachemka. Ninachompendea Mtobwa ni kwamba Nuru si pambo tu, anaingia hatarini pamoja na mtu wake. Na lile jina la kitabu ndilo swali ambalo kila stori ya hatari inapaswa kuuliza, kwa kila aliyemo, hata mbeba mizigo.

Mr anataka mtu aandike riwaya ya namna hiyo kuhusu Kibiti ya 2016 na 2017. Mnakumbuka. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa majumbani mwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa ghafla barabarani. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku, watu wakawa wanafunga milango jua likiwa bado lipo, na zipo familia ambazo ndugu zao walitoweka na hawakurudi mpaka leo. Mr anasema stori ipo tayari, inasubiri mwandishi tu.

Mimi nasema iandikwe, tena iandikwe na mtu wa kule kule. Ila atakayeikalia meza asianze na bunduki. Aanze na mama aliyepika ugali wa watu watano, wakala wanne. Akianza na kisiri cha mpelelezi kutoka mjini, mwenye miwani myeusi, atakuwa amerudia ya Wilbur Smith, tena kwa lugha yetu wenyewe. Watu wa Kibiti walishaogopa vya kutosha. Wasigeuzwe vumbi la barabarani kwa mara ya pili.

USOMAJI WA WAWILI

Kwa wanandoa na wachumba, ushauri wangu mwezi huu ni rahisi. Nunueni kitabu kimoja, msomeane kwa zamu, kurasa kumi kumi kabla ya kulala, simu ziwe mbali. Mwenye haraka aanze na Shout at the Devil ila ahesabu watu. Mwenye subira aanze na Afterlives. Wale wa Willy Gamba mnajijua. Na mkienda kusalimia wazee wikiendi, baada ya shikamoo na marahaba, ulizeni mwaka gani waliogopa kuliko yote, nani alikuwa pembeni yao, na nani hakurudi. Andikeni majina kwenye daftari, na tarehe kama wanazikumbuka.

Mr kanunua daftari lake juzi, la jalada gumu. Kaandika jina la mama yake, la marehemu baba yake, na la kila jirani aliyemtaja mama mashamba yale. Bado anasisitiza Wilbur Smith ndiye bingwa, na ugomvi wetu unaendelea vizuri tu.

Mwezi ujao nitawaletea vitabu vya mapishi, tuone kama navyo vina hatari. Tukutane hapa hapa!