Kivu ya rangi ya waridi: kubadili picha si kosa, kosa ni kuficha

Mwaka 2013, watu waliofika Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia, waliona Kivu ambayo mkaaji wa Masisi asingeitambua mara moja. Milima, mashamba na vichaka vilikuwa na rangi ya waridi, kwingine nyekundu kabisa. Katikati ya rangi hiyo walisimama wapiganaji na bunduki zao. Kazi hiyo inaitwa The Enclave. Ni ya Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, na ilionyeshwa kwenye skrini sita ndani ya jumba la nchi yake.

Mosse hakupaka rangi. Alitumia filamu ya Kodak iliyoitwa Aerochrome, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya sanaa. Ilitokana na mahitaji ya jeshi la Marekani, lililotaka kumgundua adui aliyejificha porini. Majani yaliyo hai hurudisha mwanga ambao jicho la mtu halioni, uitwao infraredi. Filamu hiyo huupokea na kuuonyesha kama rangi nyekundu au ya waridi. Turubai la kijani lililofunika gari la vita halirudishi mwanga huo kama majani, kwa hiyo katika picha iliyopigwa kutoka angani linajitenga na msitu. Kodak ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaacha kuitengeneza, na Mosse akafanya kazi na akiba iliyobaki.

Kazi yake ilisifiwa sana, na mwaka 2014 ikampa tuzo ya Deutsche Börse huko London. Lakini ilipingwa pia. Wapo waliosema amepamba mateso ya watu na kuigeuza vita ya Kivu kuwa kitu kizuri cha kutundika ukutani. Wengine walijibu kwamba dunia ilikuwa imechoka na picha za kawaida za Congo, na rangi hiyo ya ajabu iliwalazimisha watu kusimama na kutazama upya.

Kila upande una hoja yake. Hata hivyo, jambo moja liko wazi: hakuna aliyedanganywa. Mtu yeyote anajua kwamba majani ya Masisi si ya waridi. Tangu jicho linapoifikia picha, picha yenyewe inasema kwamba kuna kitu kimebadilishwa. Huo ndio mpaka ambao wapiga picha na vyombo vya habari vya Mashariki wanapaswa kuushika.

Mfano wa upande wa pili ulitokea Agosti 2006, wakati wa vita ya Lebanon. Mpiga picha mmoja aliyefanya kazi na shirika la habari la Reuters aliongeza moshi kwa kompyuta kwenye picha ya Beirut iliyopigwa mabomu. Moshi ulikuwepo kweli, yeye aliuzidisha tu. Reuters iliacha kufanya kazi naye na kuondoa picha zake 920 kwenye akiba yake. Ukilinganisha na mlima mzima uliogeuka waridi, moshi kidogo unaonekana kuwa jambo dogo. Lakini moshi ule ulikuwa uongo, kwa sababu ulitaka kuaminiwa. Kwa hiyo kipimo si ukubwa wa badiliko. Kipimo ni kama mtazamaji ameambiwa.

Mashariki ya nchi, jambo hili si mjadala wa wasanii peke yao. Kila mapigano yanapozuka, picha huzunguka kwenye WhatsApp haraka kuliko redio. Nyingine ni za zamani, nyingine za vita ya nchi ya mbali, nyingine zimekatwa na kuunganishwa upya. Sasa akili bandia inatengeneza maiti, moto na umati ambao haujawahi kuwepo. Picha moja ya namna hiyo inaweza kuifanya familia ifunge mizigo usiku, au jirani aanze kumwogopa jirani yake. Mahali ambapo tetesi inaweza kuua, picha iliyofichwa ukweli wake ni silaha.

Kwa sababu ya hatari hiyo, wako wanaoshauri kwamba mpiga picha asichezee chochote: apige kama ilivyo, basi. Ushauri huo unaonekana wa busara, lakini unawanyima Wacongo njia moja ya kusema ukweli wao. Wenzao wamekwisha onyesha njia hiyo.

Kiripi Katembo, aliyefariki mwaka 2015, alipiga picha za Kinshasa kupitia madimbwi ya maji ya mvua. Alichukua sura ya mji ndani ya maji, kisha akaigeuza juu chini. Wapita njia wanaonekana kama wanatembea katika ndoto, na mawe ya barabarani yanaelea angani. Barabara mbovu zikasema zenyewe. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za wafanyakazi wa migodi za wakati wa ukoloni na kuzibandika juu ya picha za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Ni wazi kwamba watu wale hawakuwahi kusimama pale siku ile. Lakini anayetazama anaelewa mara moja ni jasho la nani lililojenga Katanga, na ni nini kimebaki.

Vijana wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wana uwezo wa kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba soko linawaomba kitu kimoja tu: kambi ya wakimbizi, foleni ya chakula, mtu mwenye bunduki. Rangi ya waridi ililetwa na mgeni, ikaonyeshwa kwa wageni. Mwenye mji bado anangojea nafasi ya kuuonyesha kwa jicho lake.

Na kujaribu hakuhitaji filamu adimu. Kijana akimfuata kwa kamera mwendesha chukudu anayeteremka mlimani, na kupunguza kasi ya kamera hadi sehemu ya 15 ya sekunde, mti wa chukudu unabaki wazi na mji wote nyuma unageuka mistari. Usiku umeme ukikatika, kamera ikiwekwa juu ya jiwe na kuachwa wazi sekunde 20, taa za pikipiki zinachora barabara nzima. Toshi moja inatosha kuchora jina gizani. Hata simu nyingi zinaweza kufanya hayo siku hizi.

Hiyo simu nayo ichunguzwe. Simu nyingi zinalainisha uso na kuung'arisha bila mwenye uso kuombwa ruhusa. Msichana anapiga picha yake asubuhi, anaikuta ngozi ni nyeupe kuliko yake, na anaambiwa hiyo ndiyo « beauté ». Badiliko hilo limeingia katika kila nyumba, na halijitangazi. Linadanganya kuliko mlima wa waridi.

Basi sheria chache zinatosha. Picha ya habari isiongezwe wala kupunguzwa kitu. Kurekebisha mwangaza na kukata pembeni kunatosha. Picha ya sanaa iandikwe chini yake kwamba imebadilishwa, na kwa namna gani. Picha ya asili itunzwe, ili anayeuliza aonyeshwe. Na mtu aliyepigwa, hasa aliyekimbia vita, aulizwe kabla uso wake haujapakwa rangi na kupelekwa mbali.

Shule za uandishi wa habari ziwafundishe wanafunzi mambo yote mawili, kucheza na kuheshimu. Magazeti ya mtandaoni yafungue ukurasa wa picha za kubuni, mbali na ukurasa wa habari. Kivu imepigwa picha miaka mingi kwa macho ya wengine. Wenyeji wakianza kuipaka rangi wanayotaka wao, na kusema waziwazi kwamba wameipaka, hakuna atakayewaita waongo.