Taa gani kwa sanduku la samaki?

Akina mama, swali la wiki hii limetoka Rughenda. Mwenzetu ana akwariamu, sanduku la kioo la lita 20. Watoto wametia mchanga, majani ya majini na samaki watatu wadogo. Butiki wanamwambia anunue taa kubwa ya bei kali, la sivyo majani yatakufa.

Mama, iache hiyo taa. Majani yasiyotiwa gesi wala mbolea hayawezi kutumia mwanga mkali. Mwanga unaozidi huliwa na mwani, ule utelezi wa kijani unaofunika kioo na kusonga kila kitu. Ampuli ya LED ya wati 4 au 5 inatosha. Soma kwenye kartoni: lumeni kama 400, na 6500K, ndio mweupe wa mchana. Ya njano haiui majani, ila maji yanaonekana kama chai.

Kazi kubwa iko kwenye batri. Wati 5 kwa saa 7 ni wati-saa 35. Batri ya volti 12 yenye amperi-saa 20 ina 240, lakini batri ya risasi ukiishusha chini ya nusu unaiharibu. Kwa hiyo una 120 tu za kutumia, na samaki wamechukua karibu theluthi! Mtoto atafanya kazi ya shule na nini? Washa taa ya samaki mchana, pano ikiwa inachaji: saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Mkipenda kuwatazama jioni, iwe saa 5 mpaka saa 12. Usiku wapate giza, wapumzike.

Wengine husema, si uweke dirishani? Hapa karibu na ikweta jua linatupa saa kama 12 mwaka mzima. Likipiga kioo moja kwa moja, utakuwa na supu ya kijani.

Chagua pia majani yaliyozoea kivuli. Anubiasi na bolbitisi ni ya misitu yetu ya Kongo, yanamea kando ya vijito chini ya miti. Yafunge kwa uzi juu ya jiwe. Ukizika shina lake mchangani litaoza. Ukichota majani mtoni au ziwani, yaoshe na utoe konokono wote, maana wako wanaobeba bilharzia.

Sasa la watoto. Umeme wa volti 220 juu ya maji, na mtoto wa miaka 4 anayepanda viti, mimi siukubali. Nunua ampuli ya volti 12, ile ya pano. Kama huna njia nyingine, funika sanduku kwa kioo, acha waya uning'inie chini kuliko priza ili tone la maji lidondoke kabla ya kuifikia, na chomoa kila mara kabla ya kutia mkono ndani.

Majuma ya kwanza mwani utatokea kidogo. Usibadilishe ampuli, punguza saa moja, ngoja siku 10. Majani yakiwa membamba na kupauka, ongeza saa moja.